Elfu Sitini ya Kupima

“Elfu sitini ya kupima? Kupima tu?” Bwana Mwaipaja aliuliza kwa sauti iliyofika mpaka ng’ambo ya barabara. “Nimekuita ufunge kemshafti, sijakuita upime.”

“Kupima ni elfu sitini,” fundi Chengula alijibu bila kuinua uso. “Kufunga ni laki tatu. Na sifungi kabla sijapima.”

Hayo yalitokea asubuhi, kwenye gereji moja ya Mafinga, mafundi wote wakisikia. Nakusimulia ili nawe umsimulie mwenye gari yeyote unayemfahamu.

Bwana Mwaipaja alikuwa tajiri wa mbao. Alikuwa na gari la mashindano, na dereva wake alikuwa binti yake mwenyewe, Atuganile. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya mashindano. Tajiri alikuwa ameagiza kemshafti mpya, chuma kinachofungua valvu za injini, kwa milioni mbili na laki nne, ile ya mbio, inayoziacha valvu wazi muda mrefu ili injini ivute hewa nyingi ikiwa kasi.

Kemshafti ya namna hiyo ina masharti yake. Ukiifunga kwenye injini inayobana hewa kidogo, gari linakuwa zito mlimani utadhani limebeba magogo. Injini ikibana kupita kiasi, inagonga mpaka pistoni zinatoboka. Kwa hiyo kabla ya kuchagua, sharti ujue injini yako inabana hewa mara ngapi.

“Kitabu cha gari kimeandika kumi kwa moja,” tajiri alisema. “Au hujui kusoma?”

Hapo Chengula akaweka spana chini. Hakuwa na cheti. Aliishia darasa la saba, na hesabu za injini alijifundisha mwenyewe kwa kitabu kisicho na jalada, akiandika kwa msumari kwenye mlango wa bati. Mtu akimgusa hapo, anawaka.

“Kitabu kiliandikwa injini ikiwa mpya,” alisema. “Hii imefunguliwa, imechongwa, imefungwa tena, nani anajua mara ngapi. Mimi sifungii kitabu, nafungia gari. Kama hutaki, geti lile pale, na halijafungwa.”

Tajiri akawageukia mafundi wengine. Wawili walisema wangeifunga siku hiyo hiyo, bila kupima, kwa laki mbili na nusu. Angemchukua mmoja wao, lakini Atuganile, aliyekuwa amesimama karibu na gari, alisema taratibu kwamba yeye ndiye atakayekaa ndani, basi fundi aachwe apime.

Baba alikubali kwa shingo upande, tena kwa sharti: vipimo vikitoka kumi kwa moja kama kitabu kilivyosema, halipi hata senti. Chengula akasema sawa.

Akafungua injini. Akaanza kupima silinda moja moja: chumba chake cha juu, kisha nafasi inayobaki pistoni ikiwa imepanda hadi mwisho. Vifaa vyake vilikuwa kipande cha kioo chenye tundu, grisi ya kuziba pembeni, na bomba la sindano la duka la dawa lililojaa mafuta ya taa. Alisukuma kidogo kidogo, akihesabu kila mililita, kisha akajumlisha nafasi inayoachwa na unene wa gasketi inayoziba katikati.

Wenzake walimcheka sana. Mmoja akauliza, “Daktari, mgonjwa atapona?” Mwingine akashauri gari liwekewe na dripu.

Silinda ya kwanza ilikuwa na nafasi ya mililita hamsini na tano juu ya pistoni. Pistoni ikishuka, inaongeza mia tano. Jumla mia tano hamsini na tano. Gawanya kwa hamsini na tano: kumi hivi. Silinda ya pili, kumi. Ya tatu, kumi.

Tajiri akarudisha pochi mfukoni. Akasema kitabu kimeshinda, na kwamba siku nyingine fundi asome kwanza. Chengula akafuta kioo. Jasho la nusu siku lilikuwa limekwenda bure, na laki tatu ya kufunga ilikuwa pale pale ikimsubiri kama angeacha ubishi. Silinda tatu zimefanana, nani anahangaika na ya nne?

Akapima ya nne.

Bomba likaisha, akajaza tena, likaendelea kuingia. Mililita sitini na saba. Akamwaga, akarudia mara mbili. Sitini na saba. Mia tano sitini na saba, gawanya kwa sitini na saba: nane na nusu hivi.

Wenzake wakasogea kuona.

“Hii pistoni haifiki juu,” alisema. “Inaishia milimita mbili chini ya wenzake.”

Akaitoa. Mkono wa chuma unaoishika pistoni ulikuwa umepinda. Aliulaza juu ya kioo, kila mtu akaona mwanga ukipita chini yake.

Chuma kile hakipindi kwa uzee. Hupinda injini inapomeza maji. Bwana Mwaipaja akaapa kwamba gari lake halijawahi kuzama. Ndipo Atuganile aliposema, macho yakiwa chini:

“Lilizama, baba. Mwezi wa tatu, kule mto Ndembera. Nikalikausha, likawaka, nikaona yameisha. Niliogopa kukwambia.”

Kila fundi pale alielewa. Kwa kemshafti ile mpya, injini ingezungushwa kwa kasi zaidi kuliko ilivyowahi kuzungushwa, mkono ule uliopinda ungekatika, ungetoboa injini ubavuni, na mafuta yangemwagika kwenye chuma cha moto gari likiwa mlimani. Na ndani yake angekuwamo nani?

Tajiri alikaa juu ya tairi kuukuu muda mrefu. Alipoinuka, alimshika binti yake bega, hakumgombeza. Kisha akaenda kwenye gari lake jingine, akarudi na bahasha. Ndani mlikuwa na milioni moja.

“Fundi, umeniokolea mtoto wangu,” alisema. “Chukua.”

Chengula alifuta mikono, akaitazama ile bahasha, akairudisha.

“Laki tatu sijaifanyia kazi, maana sijafunga kitu. Milioni ni ya kunishukuru, na ya kunishukuru utaisimulia mjini mwaka mzima kwamba ulinisaidia. Mimi sijaomba msaada. Nimepima, na vipimo vyangu viko sawa. Kupima ni elfu sitini, bosi. Nipe elfu sitini yangu.”

Funzo: Anayekuzuia usikosee amefanya kazi kama anayekufungia spea. Usimwite mjuaji, wala usimpe asante mahali pa ujira. Mlipe.