Mmoja Aliyezidi Kwenye Halaiki

Ndugu zangu, kulikuwa na mwalimu mmoja wa hesabu aliyepewa kazi ya kupanga watoto wa halaiki kwa sherehe za mkoa. Mnaijua halaiki: fulana za rangi, mistari iliyonyooka, na jua la kukausha mate. Watoto wake walikuwa elfu moja na tisa.

Mwalimu hakuwa na wasiwasi, maana namba ndiyo chakula chake. Akawapanga saba saba, akabaki mmoja. Nane nane, mmoja. Tisa tisa, yule yule mmoja. Akakaa chini akajaribu kila namba, ndipo akagundua kwamba elfu moja na tisa ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Lakini ukipunguza mmoja tu, lo, inagawanyika kama mkate wa sinia. Mistari ishirini na nane, kila mstari watoto thelathini na sita. Usiku ule alilala usingizi mtamu.

Kesho yake akamwita binti mmoja aliyekuwa akichechemea, ambaye kila wakigeuka yeye huchelewa kidogo.

"Mwanangu, wewe pumzika. Namba imekataa."

Binti akainamisha kichwa. "Mwalimu, kwani ukimtoa mwingine, bado itakataa?"

"Hapana. Itakubali."

"Sasa namba ilinitaja mimi?"

Ninyi mngemjibu nini? Mwalimu akaona aibu, aibu ya kweli. Hesabu ilimwambia kwamba atazidi mmoja. Haikumwambia ni nani. Mguu ule aliuchagua yeye mwenyewe.

"Rudi mstarini," akasema. "Simama pale mwisho."

"Si utakuwa mrefu kuliko mingine?"

"Acha uwe mrefu."

Siku ya sherehe mstari ule ulizidi kweli, mwenye macho angeuona. Mwalimu alisimama pembeni jasho likimtoka, akingoja kuitwa na kuulizwa. Watoto wakapita, binti naye akapita akichechemea huku anacheka. Mgeni rasmi akapiga makofi mpaka wa mwisho alipotoka uwanjani, kisha akaketi akaomba maji. Hakuna aliyehesabu.

Sasa tujiulize, mwalimu alitaka kumtoa mtoto wa watu ili amfurahishe nani?

Na sisi tuna mistari yetu. Kwenye kamati za harusi, kwenye vikao vya ukoo, hata mezani kwetu. Tunasema nafasi hazitoshi, bajeti imegoma, na huenda ni kweli. Lakini jina la wa kutolewa tulilitoa wapi? Mjane yule, mtoto yule wa nje, ndugu yule asiye na kazi: tulimchagua kabla hata hatujaanza kuhesabu. Na Mungu atakapokuja kutukagua, ndugu zangu, hatatuuliza kama mistari yetu ilinyooka. Atatuuliza yule mmoja tulimpeleka wapi.