Kiboko na Oili Iliyofunikwa Gunia

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmeamshwa usingizini? Paukwa!

Pakawa!

Afadhali. Hapo zamani za magari palikuwa na Kiboko, palikuwa na Nguchiro, na palikuwa na bwawa moja tu. Desturi yao ilikuwa hivi: kila kiangazi wanyama walishindana kwa magari kulizunguka bwawa, na mshindi ndiye aliyemiliki maji mpaka mvua inyeshe. Kila kiangazi alishinda Kiboko. Alijilaza bwawani, wadogo wakalamba matope.

Mwaka huo Nguchiro naye akatengeneza gari. Kiboko akaenda kwake.

"We Nguchiro, unatia oili gani?"

"Inayovumilia moto, bwana mkubwa. Mbioni injini inachemka kuliko ukienda sokoni. Tia isiyogeuka maji ikipata joto. Ifike alama ya juu ya kijiti cha kupimia, basi."

"Unanificha!" Akaondoka.

Kesho yake akarudi.

"We Nguchiro, unatia oili gani?"

"Ile ile ya jana. Mpaka alama, basi."

"Unanificha! Mimi na ukubwa huu, alama yenu wadogo itanitosha?"

"Alama iko kwenye kijiti chako mwenyewe!"

"Unanificha!" Akaondoka.

Kesho yake akarudi tena. Jamani! Hata mimi msimulizi nimechoka naye.

Nguchiro alikuwa amechoka zaidi. Gari lake lilikwisha kutiwa oili, mpaka alama. Akachukua makopo yote yaliyobaki, akayafunika gunia, akayakalia.

"Umekalia nini?" Kiboko akauliza.

"Sijakalia kitu."

"Inuka!"

Akainuka. "Hiyo ni oili yangu ya msimu mzima, bwana mkubwa. Nakuomba, chukua kidogo tu. Usiimalize!"

Kiboko akabeba yote. Akaimwaga oili yake ya zamani, akamimina ya Nguchiro, gulugulugulu, ikafika alama. Akamimina, gulugulugulu, alama ikazama. Akamimina mpaka oili ikamchungulia mdomoni mwa injini.

Siku ya mbio filimbi ikalia, priii! Kiboko mbele, vruuum! Nguchiro nyuma, titititi. Wadogo wakasimama ukingoni, midomo imekauka, hakuna aliyeshangilia.

Kumbe ndani ya injini vyuma vinavyozunguka vilikuwa vinaipiga ile oili iliyozidi. Vikaipiga, vikaipiga, kama mtu apigavyo mayai, mpaka ikawa povu. Na povu halilainishi chuma. Kona ya mwisho: ko! ko! ko! Kisha pwaa! Moshi. Kimya.

Nguchiro akampita, titititi, akamaliza.

Wadogo wakakimbilia majini. Kiboko akaja kwa miguu, anahema.

"Umenipa oili mbaya!"

"Ni ile ile niliyotia mimi, bwana mkubwa."

"Ile ile?"

"Ile ile. Nilikwambia tangu siku ya kwanza."

Kiboko akafikiri. Akafikiri sana. Akapiga kwato chini.

"Nilijua! Basi nilitia kidogo!"

Nguchiro akamtazama, akaenda kunywa maji.

Funzo, wanangu: mkipata magari, msisumbuke na kijiti. Jazeni tu mpaka kifuniko kigome. Sisi wengine tuna kiu.

Hadithi yangu imezima injini hapo. Mwenye nguvu aisukume mpaka kwake.