Sarafu ya Mwana Esha

Hapo zamani, katika mji wa Makutwa, sarafu moja ya shaba ilifunuliwa barazani kwa Jumbe, na waliokuwapo ni hawa. Alikuwapo Haidari bin Athumani, ndiye Jumbe mwenyewe. Alikuwapo Dadi bin Faki, mfua fedha. Alikuwapo Zena binti Shomari, aliyekuja kwa niaba ya mama yake. Alikuwapo Nasoro bin Shaali, aliyeileta sarafu. Mama yake Zena, Mwanamvua binti Makame, hakuwapo. Alikuwa kitandani hawezi, na shauri lilikuwa lake.

Watawala wa kale wa Makutwa hawakutupa shaba. Mmoja akiondoka, sarafu zake zilikusanywa, zikatiwa motoni, zikagongwa upya kwa chapa ya yule aliyekuja. Jina likakaa juu ya jina. Nasoro alizikusanya sarafu hizo tangu ujana wake, wala hakuzitaka zilizogongwa vizuri. Alizitaka zile ambazo nyundo ilikwenda upande, jina la kale likabaki linachungulia ukingoni. Watu walimcheka.

"Bwana Nasoro," walimwambia, "wenzako wanakusanya wajukuu."

Bi Mwanamvua alikuwa wa ukoo wa Mwana Esha binti Hasani. Ukoo huo ulisema kwamba Mwana Esha alitawala Makutwa, kisha kaka yake, Daudi bin Hasani, akamwondoa na kuzigonga upya sarafu zake zote. Ukoo wa Daudi, ambao ndio wa Jumbe Haidari, ulisema hakuna mwanamke aliyepata kutawala. Basi watu wa Daudi, kwa kuhesabiwa kuwa ndio ukoo uliotawala, walizikwa ndani ya ukuta, ubavuni mwa msikiti wa kale, na watu wa Esha walizikwa nje, vichakani, pamoja na wageni waliofia safarini. Bi Mwanamvua alikuwa amebakiwa na haja moja duniani: alazwe ndani ya ukuta. Kila alipomwendea Jumbe alijibiwa, "Niletee alama, Bi Mwanamvua. Alama moja tu."

Alama hiyo Nasoro aliipata kwa muuza samaki, aliyeitumia kama jiwe la mizani. Juu yake lilikuwa limegongwa jina la Daudi. Ukingoni, chini ya Daudi, palikuwa na michirizi hafifu iliyojaa kutu nyeusi, na kwa kutu hiyo tu ilisomeka: Esha binti Hasani. Akaipeleka kwa Fundi Dadi.

"Unaona nini, Fundi?"

Dadi aliigeuza juani. "Naona dada amekaliwa na kaka yake," akasema. "Jina liko. Mpelekee Jumbe."

Nasoro hakumpelekea. Aliitia katika kijaluba, kijisanduku chake kidogo, akisema moyoni: nitafute na ya pili, wasije wakasema hii ni bahati. Masika yakapita, na vuli ikapita. Kila jioni alikifungua kijaluba, akalisoma lile jina, akafunga. Mji mzima hakuna aliyekuwa nalo ila yeye, na jambo hilo lilimpendeza kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Siku aliposikia kwamba Bi Mwanamvua hali tena, aliona haya, akaenda.

"Shika, Bi Mwanamvua. Jina la bibi yenu hili hapa. Kesho Jumbe ataliona."

Mgonjwa aliifumbata sarafu. Macho yake yalikwisha kufifia, lakini machozi hayakumpungua. Akaomba alale nayo, na Nasoro akamwachia. Hakusema neno juu ya kutu.

Nasoro alipoondoka, Bi Mwanamvua alimwita binti yake. "Zena mwanangu, naisikia inakwaruza. Chafu hii?"

"Nyeusi tii, mama. Kama sufuria ya shamba."

"Basi bibi yetu hawezi kwenda mbele ya akina Haidari na masizi usoni. Watatusema hao. Isugue."

Zena alifanya kama wafanyavyo wanawake wote wa Makutwa kwa sinia la shaba kabla ya wageni. Aliiloweka katika maji ya ukwaju, akaisugua kwa majivu na mchanga laini, akaisugua tena.

Asubuhi Zena alimkabidhi Nasoro sarafu ikiwa imefungwa kitambaani, na barazani Nasoro akakifungua. Sarafu ikawaka. Jina la Daudi lilisomeka vizuri kuliko lilivyopata kusomeka. Ukingoni hapakuwa na kitu.

Jumbe akacheka. "Bwana Nasoro, umetuletea alama au kidani cha bibi arusi?"

Nasoro akamgeukia mfua fedha. "Fundi, wewe uliiona. Waambie."

Wakati huo Dadi alikuwa akimfulia Jumbe vikuku vya arusi ya binti yake. Akatazama chini. "Niliona michirizi," akasema. "Macho yangu ni ya kizee. Siwezi kula yamini."

Hapo Zena akapaza sauti. "Mimi nimesugua, sikatai! Lakini nani aliniambia uchafu ule ndio jina? Mama aliniamuru, nami nilimtii. Bwana Nasoro alijua, akanyamaza!"

Nasoro akasema, "Nimechelewa, nami sikatai. Lakini niliileta nzima. Sikuigusa hata kwa kucha. Dadi aliisoma kwa kinywa chake, na leo kinywa hakina ulimi!"

Dadi akasema, "Nilimwambia Nasoro aipeleke siku ileile. Angenisikiliza, nani angeutaka ushahidi wangu? Mnataka nilale njaa kwa jina mlilolifuta wenyewe?"

Zena akamgeukia Jumbe. "Na wewe, Jumbe? Huyajui haya?"

Jumbe Haidari akasema, "Nayajua. Bibi yangu alinihadithia habari za Mwana Esha nikiwa mdogo. Lakini ukuta ule haufunguliwi kwa hadithi za bibi yangu. Nilitaka alama. Alama haikuja."

Akainuka, na baraza likavunjika.

Nasoro alirudi kwa mgonjwa, sarafu mkononi. Bi Mwanamvua alimtambua kwa hatua zake.

"Bwana Nasoro. Iling'aa mbele yao?"

"Iling'aa, Bi."

Akatabasamu, akageukia ukutani, naye Nasoro akaondoka.

Mwanamvua binti Makame alifariki Ijumaa, kabla ya adhuhuri. Alizikwa nje ya ukuta.

Haya, nyinyi mliosikia. Yuko aliyeificha, yuko aliyeamuru isuguliwe, yuko aliyeisugua, yuko aliyeiona akakana, na yuko aliyedai alama ya jambo alilolijua. Je, ni nani aliyelifuta jina la Mwana Esha?