Shimo Nyuma ya Kilima

Uchi wa mtu ni siri yake, lakini anayeuficha hata mbele ya mkunga asitegemee kupakata mtoto. Hayo yalimkuta Orville Dvoracek, mfugaji wa ng'ombe katika kaunti moja ya Nebraska, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Dhoruba ya theluji ilipiga katikati ya Machi, majira ya ng'ombe kuzaa. Upepo ulinguruma siku tatu. Ulipotulia, ndama arobaini na watatu wa Orville walikuwa wamekauka kama kuni. Hakumwambia mtu. Aliwasha trekta, akachimba shimo nyuma ya kilima, akawafukia wote kabla jirani hajapita barabarani.

Ilikuwa aibu tu. Miaka nenda miaka rudi, pale mkahawani, aliwadhihaki waliopokea fidia ambayo serikali huwalipa waliopatwa na maafa. "Mkulima wa kweli hanyooshi mkono," alizoea kusema, kifua mbele.

Aprili ilipokaribia kuisha, mkewe Lavonne alimkabili mezani.

"Baba, bila hiyo fidia tutauza ng'ombe waliobaki, kisha ardhi. Utanyoosha mkono, au utanyoosha shingo?"

Orville akaenda ofisi ya kilimo ya kaunti, kofia mkononi. Karani, binti aitwaye Janelle, alimsikiliza kwa upole.

"Pole sana, mzee wangu. Una picha za hao ndama?"

"Sina."

"Kuna mtu wa nje aliyewaona?"

"Nilihakikisha hakuna."

Janelle akaweka kalamu chini. "Basi mtafute jirani akawaone kwa macho yake, awapige picha, atie saini ya shahidi. Mwisho wa kuomba ni Ijumaa."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Jirani wa karibu alikuwa Merle Haskins, ambaye Orville alimkejeli kuliko wote alipopokea fidia ya ukame. Orville alisimama mlangoni kwake.

"Merle, ndama wangu wamekufa. Arobaini na watatu. Nimewafukia. Nahitaji mtu aone."

Alisubiri kicheko. Merle alimkodolea macho.

"Arobaini na watatu! Na banda langu lilikuwa nusu tupu dhoruba nzima! Kwa nini hukunipigia simu?"

"Niliona haya."

"Haya kwangu? Mimi niliyelia mbele ya karani mwaka wa ukame? Kesho alfajiri nakuja na buti zangu, mkaidi wee!"

Alhamisi walifukua kutwa nzima, harufu ikiwachoma pua. Wengi walikuwa wameshaharibika. Ni ndama ishirini na tisa tu waliotambulika kwa hereni za namba masikioni. Merle alimpiga picha kila mmoja. Orville alilia waziwazi, wala hakugeuza uso. Ijumaa asubuhi Merle alitia saini ya shahidi.

Fidia ilifika Septemba, ya ndama ishirini na tisa. Wale kumi na wanne walipotea bure. Hata hivyo ardhi haikuuzwa, na mitamba sita wenye mimba wakanunuliwa.

Machi iliyofuata, Lavonne aliingia jikoni, mikono imelowa ute wa uzazi hadi viwikoni.

"Mmoja wa wale mitamba kazaa," alisema akihema. "Ndama jike. Ameshasimama, ananyonya."

Orville alitoka mbio, buti mguu mmoja, kwenda kumwona ndama ambaye angemkosa kwa sababu ya kiburi. Hakika, mficha uchi hazai.