Uji wa Tui wa Bi Mize

Hapo zamani, dawa zilipoanza kuwafuata watoto shuleni, kisiwani Pemba palikuwa na bibi, Bi Mize, akimlea mjukuu wake Kombo. Mama yake, Riziki, alikuwa ameolewa kijiji cha mbali, akamwacha mwanawe kwa bibi. Bi Mize akampenda mtoto yule, akampenda, mpaka majirani wakasema atamharibu. Msimcheke. Nani kati yenu hakuharibiwa na bibi yake?

Kombo akashikwa na safura ya minyoo. Uso ukapauka, tumbo likajaa, akawa anasinzia darasani na kula udongo kwa siri. Si yeye peke yake. Nusu ya shule ilikuwa hivyo, maana watoto walikwenda peku na kujisaidia migombani.

Akaja tabibu, Bwana Faki, na sanduku lake. Akamwambia Mwalimu Khatibu, "Dawa hii inaua minyoo, lakini ni kali. Mpaka kesho wasiguse mafuta. Ikikutana na mafuta tumboni, itapanda kichwani." Akawanywesha watoto, akafunga sanduku, akaondoka. Shule nyingine ilikuwa ikimngoja.

Mwalimu akawaambia watoto, "Leo msile mafuta." Wazazi hakuwaambia neno. Mwaka uliopita aliwaambia, wakawaficha watoto mashambani.

Kombo akarudi nyumbani akiyumba kwa njaa. "Bibi, tumenyweshwa dawa. Tumekatazwa mafuta."

"Haya mjukuu wangu, mafuta hutayaonja."

Bi Mize akairudisha samli mahali pake. Akakuna nazi, akakamua tui zito la kwanza, akapika uji. Tui la jikoni nani aliyeliogopa? Mtoto mgonjwa hupewa uji wa tui, ndivyo alivyolelewa yeye na mama yake. Kombo naye hakuuliza. Mwenye njaa hana miiko. Akala bakuli, akaongezwa.

Jioni akatapika, akazimia. Alipozinduka minyoo ilikuwa imetoka na uso umeanza kurudiwa na rangi, lakini masikio yamekufa. Ukimwita, hageuki.

Riziki akaja mbio, akawakusanya uani bibi, mwalimu na tabibu. "Mama, sikukuachia mtoto kiziwi. Nataka kujua nani kayaziba masikio haya. Kama ni wewe, naondoka naye leo. Kama si wewe, abaki."

Bwana Faki akasema, "Mimi nilionya. Bila dawa ile, safura ingemmaliza. Ningekaa kuchungulia kila chungu, wale wengine nani angewatibu?"

Mwalimu Khatibu akasema, "Mimi nililifikisha onyo kama nilivyolipokea. Na ningewaita wazazi, Kombo asingekunywa dawa kabisa."

Bi Mize angeweza kusema hakuambiwa kitu. Neno moja tu la uongo, na Kombo angebaki kwake. Alilitamani neno lile, wallahi alilitamani.

Akasema, "Mtoto aliniambia. Samli niliiweka kando. Tui nililitia mimi, kwa mkono wangu huu. Lakini nyie wawili mmekulia minazini kama mimi. Mbona hakuna aliyeniambia nazi nayo ni mafuta?"

Riziki akainamisha uso, maana hata yeye, angekuwa jikoni siku ile, angetia tui.

Kombo hakusikia hata moja. Aliona tu bibi yake analia. Akamshika mkono, akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiojisikia, "Usilie, bibi. Uji ulikuwa mtamu."

Haya, wenzangu. Riziki amesimama mlangoni na kitita cha nguo za mwanawe, hajui atoke nacho au akirudishe ndani. Yuko tabibu aliyeonya akaenda zake, yuko mwalimu aliyenyamaza ili mtoto atibiwe, yuko bibi aliyetii kwa kadiri alivyojua. Je, nani aliyaziba masikio ya Kombo? Na leo, mtoto alale kwa nani?