Kobe wa Marehemu Nungunungu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na majirani wenye maneno, Mzee Nungunungu alifuga kobe. Alimpata angali kijana, kobe mwenyewe mdogo kama kisahani. Hakuna aliyemwambia kwamba yule ni kobe wa visiwani, wale wasiojua kuacha kukua.

Miaka sitini baadaye mgongo wa Kobe ulikuwa umezidi meza ya kulia, na Nungunungu yu kitandani, anakata roho. Akamwita jirani yake, Bi Pimbi, mjane mdogo mwenye miguu myepesi aliyeishi mwambani.

"Usimwache na njaa," akamwambia.

"Sitamwacha," Bi Pimbi akajibu, maana nani humkatalia anayekufa?

Kabla matanga hayajaanuliwa, alikwisha kujua ameahidi nini. Kobe alimaliza kunde zote bustanini kwa Bi Pimbi, kwaru, kwaru, kwaru, akahamia kwenye viazi. Mvua iliponyesha akataka kuingia ndani, akakwama mlangoni, ikabidi fremu ing'olewe. Bi Pimbi alipanda na kushuka mwamba mara ishirini kwa siku, majani mdomoni. Kila mzigo ukiisha, Kobe hunyoosha shingo na kuuliza, "Kuna mengine?"

Bi Pimbi akaona wazi kwamba kiangazi kikiingia, watakufa njaa wote wawili. Akaenda kwa Tembo kuomba amchukue.

"Anafanya nini huyo kobe?" Tembo akauliza.

"Anakula."

"Halafu?"

"Analala."

"Halafu?"

"Anakula tena."

"Hayo hapa nafanya mwenyewe," Tembo akasema, akafunga mlango.

Akaenda kwa Kifaru. Huyo alimkaribisha kiti.

"Kobe wa namna hiyo huishi miaka mingapi?"

"Mia na hamsini, pengine zaidi."

"Na sasa ana mingapi?"

"Sitini na kitu."

Kifaru akahesabu kimoyomoyo. "Bi Pimbi, huo si ufugaji. Huo ni ukwe."

Lakini alipokuwa akimsindikiza alisimama kwenye mtungi wa maji, akayatazama majini makunyanzi ya shingo yake, akaguna. "Mia na hamsini," akanong'ona. Bi Pimbi akalisikia lile guno, akaenda nalo nyumbani.

Asubuhi akarudi.

"Bwana Kifaru, nimekuja kufuta ombi langu. Jana nilikosa adabu. Kobe huyu hapewi mtu, yeye ndiye huchagua."

"Huchagua nini?"

"Nyumba yenye umri. Kwa mtu wa kufa karibuni haingii ng'o."

Kifaru akakohoa, kisha akakijutia kile kikohozi. "Nani ameyasadiki maneno hayo?"

"Tembo. Tangu alfajiri anachimba bwawa la kumwogeshea."

Tembo hakuwa amechimba hata shimo la panya. Bi Pimbi akatimua mbio, tiki tiki tiki, akamkuta akinywa uji, akampa habari zile zile, ila kwamba Kifaru anaezeka banda. Kufika adhuhuri bwawa lilikuwa limechimbwa na banda limeezekwa, na kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye aliyeanza.

Siku ya kuchagua, Kobe akawekwa katikati ya nyumba hizo mbili. Bi Pimbi alikwisha kukagua mapema, akaona banda la Kifaru halivuji, basi akaficha mapapai mabivu nyuma ya ua wake. Kobe akanusa, akaanza safari. Majirani walikwenda kula, wakarudi wakamkuta hatua kumi mbele. Alasiri akaingiza kichwa kwenye ua wa Kifaru.

Kifaru akaketi pu, machozi yanamtoka. Tembo akaondoka bila kuaga.

Tangu hapo Kifaru, aliyekuwa akitisha wapita njia kwa pembe, akawa mtu wa kukata majani. Kwenye arusi ya binti yake hakwenda. Nani angemwogesha Kobe? Kila mgeni alionyeshwa banda na kuambiwa, "Alinichagua mimi." Na alipomkuna shingo kwa ncha ya pembe, Kobe alijiinua kwa miguu yote minne, akafumba macho, na Kifaru akajikuta anatabasamu hata pasipo mtu wa kumwona.

Miaka ikapita, Bi Pimbi akaota mvi. Siku moja akaitwa. Kifaru alikuwa amelala, hawezi kusimama.

"Uliniambia haingii kwa mtu wa kufa."

"Nilikuambia."

"Na mimi nakufa."

Bi Pimbi akaketi sakafuni. Alikuwa ameliogopa neno hilo kwa miaka mingi. "Nilikudanganya, Bwana Kifaru. Nilikuwa na kobe na nilikuwa na ahadi. Majani sikuwa nayo. Nisamehe."

 Bi Pimbi akautazama mlango, akapima mbio zake za uzeeni. Nje Kobe alikuwa akitafuna, kwaru, kwaru, hajui lolote. Kifaru akamsikiliza muda mrefu, na uso wake ukalegea.

"Wanangu wamekataa kumchukua," akasema. "Wanasema kumtunza ni kazi nyingi. Wamesahau kwamba Kobe ndiye aliyekuwa akiwabeba mgongoni utotoni."

"Nimesikia."

"Tembo anaujua ule uongo wako?"

"Hajui. Mpaka leo ana wivu."

"Basi usimwambie." Kifaru akajiinua kwa kiwiko, macho yanamng'aa. "Nenda mbio. Mwambie Tembo kwamba Kobe leo tangu asubuhi anatazama upande wake."

Na Bi Pimbi, na uzee wake wote, akaenda mbio.

Ndiyo hivyo, wanangu: anayefuga kiumbe cha kuishi miaka mingi kuliko yeye, atafute mapema wa kumwachia.