Udongo wa Ng'ambo

Mwoneni mama huyu, wapendwa. Mtoto mgongoni, karai la udongo kichwani, anavuka kijito mbio mbio kama mwizi. Kijito chenyewe ndicho mpaka wa nchi mbili, unakiruka bila kuvua kandambili. Ng'ambo kuna miparachichi, nyumba za matofali, watoto wenye mashavu. Kwao mama huyu ni mchicha tu, mwaka hadi mwaka, na maziwa yanamkauka, na mtoto analia. Kijiji chao kilishaamua: wenzetu wana udongo mzuri. Basi wote wakawa wanaubeba.

Mwenye shamba wa ng'ambo, mwanamke wa rika lake, akamcheka.

"Shoga, utaimaliza nchi yetu kwa karai! Udongo ni ule ule wa kwenu. Sisi tumepanda miti tu."

"Inazaa baada ya muda gani?"

"Miaka mitatu, minne."

"Minne! Kwetu mwenyekiti wa kijiji akinuna tu, shamba anapewa mwingine. Mchicha ni wiki tatu, nikifukuzwa nimeshakula."

"Na nyie mnamwangalia tu?"

Akajitwika karai lake. Akaondoka akiwaza: huyu mtoto atakula nini?

Sasa, jirani yake mmoja alithubutu. Alipanda miparachichi ishirini, akaimwagilia kwa kopo. Mwaka wa tatu ikatoa maua. Mwaka huo huo mkewe akajifungua, na siku hiyo jirani hakwenda kupalilia shamba la mwenyekiti. Mwenyekiti akanuna. Akawaita watu wote pale kwenye miti, jirani kasimama, mkewe kakumbatia kichanga.

"Binti," akamwambia mama yetu, "wewe hukosi kunipalilia. Chukua shamba hili."

Mnadhani alisema nini? Yeye, anayejua uchungu wote ule?

Alipiga magoti. "Ahsante, mzee. Mungu akuzidishie."

Na wiki ile ile akaikata miparachichi yote, na maua yake, akapanda mchicha. Maana alijua, na yeye zamu yake itafika.

Tunauliza kwa nini wenzetu wanasonga na sisi tumekwama. Tunasema ni udongo, ni mvua, ni mwenyekiti. Haya, mwenyekiti ana dhambi yake. Lakini pale shambani yeye alikuwa mmoja, na sisi kijiji kizima! Mbona tulinyamaza? Si kila mmoja alikuwa anatumaini ataitwa yeye?

Basi tukiitwa kupokea jasho la jirani, tuseme hapana. Hata sauti ikitetemeka. Hata mtoto akilia mgongoni, tuseme.